Gari Linalotembea Usingizini

Kwaruu. Kimya. Halafu tena, kwaruu.

Nilifumbua macho kabla hakujapambazuka. Chumba kilikuwa kiza bado. Nikapapasa upande wa pili wa kitanda. Shuka lilikuwa na joto, lakini mzee wangu hakuwapo. Sikuhangaika kujiuliza sauti ile ni ya nini. Ilikuwa ya jiwe lile tena.

Nikajitanda mtandio, nikavaa ndara, nikatoka uani. Alikuwa amesimama kizani na mkongojo wake, akilisukuma jiwe kwa mguu ulio mzima. Anasukuma kidogo, anapumzika, anasukuma tena. Alikuwa analipeleka getini. Tangu apatwe na kiharusi, upande wake wa kulia ulikuwa umelala, na kinywani hamkutoka neno, ni mguno tu. Kutoka kitandani hadi mlangoni ilikuwa safari ya kutoa jasho. Lakini tangu tulipolitoa gari, kila alfajiri aliamka peke yake akaenda kupambana na jiwe.

"Utaanguka, Baba watoto," nikamwambia. "Njoo ndani."

Akaniangalia. Nimeishi naye tangu tukiwa vijana wenye meno yote, na macho yake nayajua yakiwa na hasira, na usingizi, na mzaha. Alfajiri ile yalikuwa na woga.

Nilimrudisha ndani, nikamkalisha, nikamwosha mguu kwa maji ya vuguvugu maana kidole gumba kilikuwa kimechubuka. Kisha nikatoka, nikalirudisha jiwe pale linapokaa siku zote, katikati ya uwanja, mahali gari lilipokuwa likilala. Ardhi pale ilikuwa bado nyeusi kwa mafuta.

Gari lenyewe lilikuwa kubwa, la njia mbovu, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Mzee wangu alikuwa akichimba visima, akilipakia mabomba na vijana wake wa kazi, akipita nalo mitoni na kwenye matope ambako magari mengine yaligeuza. Watoto walilipa jina la Kifaru. Kioo kimoja kilifungwa kwa waya, na mlango wa nyuma ulikuwa haufungi mpaka uubamize kwa nyonga. Alipougua, Kifaru akabaki uani, kuku wakataga chini yake.

Wazo la kulitoa lilikuwa la mwanangu mkubwa. Alikuja jioni moja na mkewe, akapiga magoti mbele ya baba yake kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Baba, gari linakula kutu hapa. Kuna kituo kule juu mlimani, wanalea watoto wasioweza kutembea. Barabara yao ni mashimo matupu. Mtoto akiugua wanambeba mgongoni hadi chini. Tuwape Kifaru?"

Mzee wangu alikuwa na namna yake ya kujibu. Akikubali, anakuminya mkono mara moja. Akikataa, mara mbili. Nilikuwa nimeushika mkono wake mimi mwenyewe. Aliminya mara moja, na chozi likamtoka, na mwanangu akalifuta kwa kidole chake. Sitasahau alivyolifuta, taratibu, kama anayeondoa unyasi usoni kwa mtoto aliyelala.

Basi fundi akaja kulitengeneza. Akabadilisha betri, akaziba tairi, akaangalia breki, akasema gari ni zima. Kituo kikamtuma dereva wao, kijana mrefu mwenye adabu, ambaye alinisalimia kwa kuinama hadi nikaona kisogo. Tukampa funguo, tairi la akiba, jeki, hata mikeka ya miguuni niliyokuwa nimeifua. Kabla ya kuondoka akauliza, kama inavyotakiwa, "Lina ugonjwa wowote nijue?"

"Halina," akajibu mwanangu. "Ila hutembea usingizini."

Tukacheka sote. Yule Dereva naye akacheka, akawasha gari, akaondoka akitupungia mkono.

Huo ulikuwa mzaha wetu wa nyumbani. Zamani, watoto wakiwa wadogo, mzee wangu alikuwa akilaza gari, anatafuta lile jiwe, analiweka mbele ya tairi na kuwaambia, "Tumpe Kifaru mto wake wa kulalia, asije akatembea usingizini." Watoto waligombania kuuweka huo mto. Walipokua wakajifunza kuendesha gari lile lile, na kila aliyelirudisha nyumbani alishuka na kuweka jiwe bila hata kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mzaha ulikuwa umetutosha.

Asubuhi ile, nilipomaliza kumlisha uji, nikakaa kando yake nikaushika mkono wake wa kushoto.

"Unalilia gari lako? Unataka lirudi?"

Akaminya mara mbili. Hapana.

Nje, kuku alikuwa anadonoa ile ardhi nyeusi.

"Unataka jiwe lifuate gari?"

Akaminya mara moja, kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo, na hakuniachia. Kwa mara ya kwanza nikausikia ule mzaha wetu bila kicheko ndani yake. Gari linatembea usingizini.

Nikampigia simu mlezi mkuu wa kituo, mama ambaye wote humwita Mama Mlezi.

"Ah, Mama! Tunawaombea kila siku," akasema. "Gari linatusaidia mno. Hata sasa Dereva amewapeleka watoto hospitali."

"Mnaliwekea jiwe?"

"Jiwe?"

"Mbele ya tairi. Likilala."

Akacheka, kicheko kizuri cha mtu mwenye kazi nyingi. "Mama yangu, huku mlimani mawe ndiyo tuliyo nayo kuliko chakula. Usihofu, breki zinashika vizuri sana."

Nikampigia mwanangu. Naye akacheka kwanza. Kisha akasema kwa upole, "Mama, breki ya mkono niliijaribu mimi mwenyewe. Fundi akaijaribu. Inashika. Baba ana uchungu wa gari lake, ndivyo ilivyo."

"Amesema hataki gari. Anataka jiwe lifike."

"Amesema?"

"Kwa mkono."

Akavuta pumzi. Angeweza kuniambia yuko kazini, na kweli alikuwa kazini. "Haya, Mama. Nakuja. Tumpumzishe roho."

Alikuja na gari lake dogo. Mkewe alikuwa amemkabidhi chupa ya chai na mto wa kuegemea kwa ajili ya baba mkwe wake, maana alijua barabara ile itamtikisa. Mwanangu alilibeba jiwe kwa mikono miwili, akaliweka kwenye buti na gari likashuka nyuma. Njia nzima, kila tulipopita shimo, nilisikia likigonga huko nyuma, gu, na kila lilipogonga mzee wangu aliufinya mkono wangu.

Kituo kilikuwa juu kabisa, barabara inapokwisha. Tulipoingia getini, nikakiona kiwanja chao.

Geti lilikuwa juu na nyumba ilikuwa chini. Kati yake, kiwanja kilianza karibu sawasawa, kisha kikainama, na pale kilipoinama paliwekwa njia pana ya sementi, laini kama sinia, ili viti vya magurudumu vipite. Njia ilinyooka moja kwa moja hadi kwenye ukumbi wa wazi wa mbele. Na pale ukumbini, kwenye jua la asubuhi, watoto walikuwa wamepangwa kwenye viti vyao, wengine wamelazwa kwenye magodoro, wakiota jua.

Kifaru alikuwa amesimama huku juu, pua yake ikiwaelekea.

Walikuwa ndiyo kwanza wamerudi hospitali. Injini ilikuwa moto bado. Nilisikia chuma kikilia ti, ti, ti, kama kinavyolia kikianza kupoa. Nilikuwa nimeisikia sauti hiyo jioni ngapi nikikaanga vitunguu jikoni, nikajua mume wangu amefika.

Mama Mlezi alitoka kutupokea huku anafuta mikono kwenye aproni. Aliinama akamsalimia mzee wangu kwanza, akaushika ule mkono uliolala kana kwamba ni mzima, na kwa hilo nikampenda. Lakini mzee wangu hakutulia. Alikuwa ameshaanza kujikokota kulielekea gari, mkongojo ukigonga chini, mguno ukimtoka.

"Baba," mwanangu akamwita kwa sauti ya chini, "si letu tena, Baba."

Nikauona uso wa Mama Mlezi ukibadilika. Dereva naye, aliyekuwa anafuta vioo, akaacha kufuta. Walidhani tumefuata gari. Walitutazama kama watu wanaomtazama mgeni akinyanyua sahani aliyowaletea. Mama Mlezi akatazama chini kwa watoto.

"Kama mnalihitaji," akaanza, "sisi hatuna la kusema. Lilikuwa lenu…"

"Hatukuja kulichukua, Mama Mlezi," nikamwambia. "Tumeleta jiwe tu."

Mwanangu akalitoa kwenye buti. Lilikuwa na upande mmoja bapa na upande mmoja wenye bonde, pale tairi lilipolilalia miaka yote. Dereva akalitazama, akamtazama mwanangu, akashindwa kujizuia.

"Kaka, umetoka huko chini kote kutuletea jiwe?"

"Nakuletea mto wa gari," mwanangu akasema, na wote wawili wakacheka kwa nafuu.

Dereva alikuwa kijana wa kuheshimu wazee. Hakutaka kumvunja moyo baba wa watu. Akapanda, akaivuta breki ya mkono hadi ikalia, akaiacha gia huru, akashuka. "Babu, tazama." Akaliegemea gari kwa nyuma, akasukuma hadi mishipa ya shingo ikasimama. Gari halikutikisika. Mwanangu naye akaja akasukuma. Hakuna kitu.

"Umeona, Baba? Linashika."

Mzee wangu akaniminya mkono. Mara mbili. Kisha mara mbili tena.

"Wekeni jiwe," nikasema. "Hata kama ni kumfurahisha tu."

Mwanangu akaliweka mbele ya tairi. Mzee wangu akalitazama, akatikisa kichwa, akalivuta nyuma kidogo kwa mguu, hadi ikabaki nafasi ya kama kiganja kati ya jiwe na tairi. Ndivyo alivyofanya siku zote. Asubuhi, akikuta nafasi imekwisha, alijua gari limetembea.

"Basi, twendeni tukanywe chai," akasema Mama Mlezi. "Mzee akae hapa na gari lake kidogo, kuna kiti." Akamletea kiti mwenyewe, kile kizuri chenye mgongo, akakiweka karibu na tairi. Mwanangu na Dereva wakashuka naye ukumbini. Mimi nikabaki.

Na hapo ndipo kikaja kiti cha magurudumu, kinapanda ile sementi polepole, kinasukumwa na mikono miwili midogo yenye misuli. Alikuwa binti wa kama darasa la tatu, nywele zimesukwa vizuri, mdomo umeshafunguka kabla hajafika.

"Shikamoo, Bibi! Shikamoo, Babu! Mimi wananiita Chiriku, kwa sababu nasema sana. Mama Mlezi ananiambia nitaishiwa maneno nikikua. Hilo jiwe ni la kumzuia?"

"Marahaba, mjukuu wangu. La kumzuia nani?"

"Huyu." Akamnyooshea Kifaru kidole. "Anashuka."

Mzee wangu akageuza kichwa.

"Kitanda changu kiko dirishani," Chiriku akasema. "Jioni Dereva anamwacha hapa, karibu na geti. Asubuhi nikiamka, yuko pale kwenye ufa wa sementi. Siku nyingine ameuvuka. Nikamwambia Dereva, akasema labda mlinzi amemsogeza ili afagie. Nikamwambia mlinzi, akasema labda ni Dereva. Mama Mlezi akasema naota." Akanyamaza kidogo, jambo ambalo nadhani halikuwa kawaida yake. "Jana alifika pale njia inapoinama kabisa. Nikaona taa zake zinaniangalia."

Nikatazama chini kwenye ukumbi. Kulikuwa na kitoto kwenye godoro, kinacheza na kifuniko cha chupa, kinakigeuza huku na huku juani.

"Lakini wanasukuma na halisogei," nikasema mwishowe. "Wamelisukuma sasa hivi."

"Ndiyo, akiwa moto hasogei. Msubiri aache kulia." Akaweka kidole sikioni. "Anasema ti, ti, ti. Akinyamaza, ndipo anapoondoka."

Nikamtazama mzee wangu. Chozi lilikuwa linamtoka jicho moja tu, lile lililo zima, na alikuwa anamtazama yule mtoto kama mtu aliyepotea porini akasikia mtu anaongea lugha yake. Akanyoosha mkono wa kushoto. Chiriku akaushika bila kuuliza. Aliminywa mara moja.

Tukangoja, sisi watatu. Ti, ti. Kutoka ukumbini nilisikia vikombe, na mwanangu akicheka kwa jambo fulani. Nilitaka kuita, lakini ningeita niseme nini? Kwamba gari limesimama? Ti. Kimya kirefu. Ti. Chiriku alikuwa amejiinamia kwenye kiti, macho kwenye ile nafasi ya kiganja.

Kisha hakikusikika kitu.

Gari halikushtuka wala kuruka. Lilianza tu kwenda, kama mtu anayejigeuza kitandani. Ile nafasi ikapungua, ikapungua, ikaisha, na tairi likalala kwenye bonde la jiwe lake. Nikashusha pumzi. Nikataka kusema, unaona, mto umefika.

Kwaruu.

Nyumbani jiwe lilikuwa likilala kwenye udongo, linajikita. Hapa lilikuwa limelala mwanzoni mwa sementi laini. Jiwe lilikuwa linasukumwa. Kwaruu, ile sauti ya alfajiri, polepole, na nyuma yake uzito wote wa Kifaru.

Mzee wangu alijitupa kutoka kitini. Sijui alifanyaje, mtu ambaye namvisha mimi soksi. Akaanguka kwa makalio mbele ya jiwe, akaukita mguu wake mzima dhidi yake, akajikaza. Nikamshika kwapani nimvute, akakataa, mzito kama shina. Nikafungua mdomo nipige kelele na sauti haikutoka.

Chiriku yeye sauti alikuwa nayo.

"DEREVA! ANATEMBEA! DEREVAAA! ANATEMBEAAA!"

Sauti ambayo watu wote wa nyumba ile walikuwa wamechoka nayo ilishuka kiwanja kizima na kugonga ukuta. Nikasikia kikombe kikivunjika. Dereva alipanda ile njia kama aliyetupwa, chai imemmwagikia shati lote, akaufungua mlango gari likiwa linakwenda, akajitosa ndani nusu mwili, akakanyaga breki. Kifaru akatikisika, akasimama. Kiatu cha mzee wangu kilikuwa kimeshabanwa chini ya jiwe. Mguu ulitoka, kiatu kikabaki.

Kule chini, kifuniko cha chupa kilikuwa kimeanguka, na kitoto kilikuwa kinakitafuta kwa mkono.

Mwanangu alifika, akapiga magoti, akampapasa baba yake mguu, kidole kwa kidole. "Baba. Baba yangu, nisamehe. Niliwaambia kwa mzaha."

"Na mimi nikacheka," Dereva akasema kutoka garini. Mguu wake ulikuwa bado umekanyaga breki. Hakutaka kuuondoa hata alipoambiwa ameshaweka gia.

Walilitoa nje ya geti, kwenye tambarare, wakaliwekea mawe mbele na nyuma. Mama Mlezi akasema hakuna mtoto atakayelipanda mpaka fundi aifungue yote ile breki inayolegea ikipoa, na mwanangu akasema fundi atakuja naye kesho yake, atamsimamia mpaka amalize, na safari hii wataijaribu gari likiwa limelala usiku kucha. Kisha Mama Mlezi akarudi, akachuchumaa mbele ya kile kiti cha magurudumu.

"Uliniambia," akasema.

"Nilikuambia mara nyingi," Chiriku akajibu, bila kinyongo, kama anayetaja hali ya hewa.

Dereva alikuwa amevua koti lake akamfunika mzee wangu, maana jasho lilikuwa limempoa mwilini. Nikampa mtoto chai ya chupa yetu kwenye kifuniko. Akainywa nusu, nusu akampelekea mzee wangu mdomoni, akamfuta kidevu kwa mkono wa gauni lake. Mzee wangu alikubali. Mimi mwenyewe huwa ananikatalia nikimfuta kidevu mbele za watu.

Tulipokuwa tunaondoka, Chiriku alitufuata hadi kwenye gari, anasukuma magurudumu yake kwa nguvu kupanda ule mwinuko. Akashika dirisha la upande wa mzee wangu. Akatazama nyuma kuhakikisha hasikiki, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Babu, uje tena. Uje kesho na fundi. Kuna kitu kingine nimekiona, pale ukutani karibu na kitanda changu, na wao wananiambia naota. Utakuja?"

Mzee wangu akautafuta mkono wake pale dirishani, akauminya mara moja.